Joka la Kwetu ni Lipi? Fasili ya Joka katika Michezo ya Kusimulia, kwa Mfano wa Kilosa na Mikumi

Kila taifa lina viumbe vyake vya kutisha, na namna linavyovifasili hutueleza mengi zaidi juu ya watu wenyewe kuliko juu ya viumbe hivyo. Makala haya yanakusudia kuchunguza kiumbe kimoja, yaani joka, jinsi kinavyofasiliwa katika michezo ya kusimulia na kuigiza iliyoenea duniani tangu mwaka 1974, na jinsi vijana wetu wanavyoweza kukibuni upya. Mazingira tuliyoyachagua ni Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Huko upo mto ufurikao, ipo milima yenye misitu, ipo hifadhi yenye chatu, na ipo reli inayopita katikati ya historia ya vita na ya kazi. Mbunifu hana sababu ya kwenda mbali kutafuta vitu vya kutishia. Swali ni kama anajua anachokitafuta.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi: yeye hueleza mahali, watu na hatari. Wengine kila mmoja huchukua nafasi ya mhusika na kusema atendalo, na dadu huamua kama tendo limefaulu. Mwalimu wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba hapa pana fanani na hadhira, ila hadhira imepewa ruhusa ya kuigeuza hadithi. Jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa. Mtambaji wetu haanzi mpaka aitikiwe; husaidiwa kuimba, huulizwa, na pengine husahihishwa na bibi aliyeketi kando. Kwa hiyo umbo la mchezo huu halina ugomvi na jadi yetu. Ugomvi, kama upo, umo katika viumbe wanaoujaza.

Katika vitabu vya mchezo huo vya miaka ya 1970, joka ni mnyama mwenye magamba na mabawa mfano wa popo. Hupumua moto, au barafu, au umeme, au maji yachomayo. Huishi pangoni, akilalia hazina. Zaidi ya hayo, majoka yamepangwa kwa rangi: meusi, mekundu, meupe, ya buluu na ya kijani ni maovu, yale ya rangi za madini, kama dhahabu na fedha, ni mema. Kila aina imepewa vipimo vyake vya nguvu, kama bidhaa katika daftari la bohari. Mchezaji akishaambiwa rangi, amekwisha kujua tabia.

Fasili hii ina kasoro mbili ambazo mhakiki wa Kitanzania hawezi kuzipita kimya. Ya kwanza ni hiyo ya rangi. Sisi tulitawaliwa na watu waliodai kwamba ngozi ya mtu hutangaza tabia yake, akili yake na mshahara wake. Kiumbe kilicho kiovu kwa kuzaliwa, na ambacho uovu wake husomwa juu ya ngozi, ni wazo tulilokwisha kuonja machungu yake. Haki yatudai tuseme pia kwamba katika matoleo ya karibuni wachapishaji wenyewe wameilegeza kanuni hiyo, wakamruhusu msimulizi kulipa joka tabia aitakayo. Lakini picha ya kwanza ndiyo iliyosambaa, na ndiyo inayonakiliwa katika filamu, katika michezo ya kompyuta na katika madaftari ya wanafunzi wetu.

Kasoro ya pili ni ya hazina. Joka la Ulaya ya kaskazini lilitokana na nchi ambamo wafalme walizikwa pamoja na dhahabu yao, na hofu ya makaburi hayo ikapata umbo la nyoka alindaye mali. Shairi kongwe la Kiingereza, Beowulf, lina joka la namna hiyo, na J.R.R. Tolkien alilifuata katika The Hobbit, kitabu cha mwaka 1937. Katika kazi hizo hazina ina uzito wa maadili, kwa sababu tamaa ya dhahabu huwaharibu hata mashujaa. Mchezo ulipoichukua hazina uliuacha nyuma uzito huo. Joka likawa akiba yenye meno: ukiliua, unalipwa. Mwanafunzi anayecheza hivyo kwa mwaka mzima atakuwa amejifunza hesabu na ujasiri, lakini pia atakuwa amejifunza kwamba kiumbe kikubwa kisichofanana naye hupaswa kuuawa ili mali yake igawanywe. Historia ya Afrika ina jina la tendo hilo, na si jina la sifa.

Basi je, lugha yetu inasemaje? Neno joka halikutoka ng'ambo. Ni nyoka aliyekuzwa kwa kanuni ileile inayoigeuza nyumba kuwa jumba na mtu kuwa jitu. Neno lenyewe halina mabawa wala moto, na halitaji rangi yoyote. Linatuambia jambo moja tu: kwamba kitu tunachokijua kimezidi kiasi chake. Wafasiri wa Biblia walipofika sura ya 12 ya Ufunuo hawakulazimika kubuni neno jipya. Walilichukua joka, na wasomaji wakaelewa.

Sarufi yatupa pia uchaguzi ambao lugha nyingi hazina. Tunaweza kusema "joka limekuja", na tunaweza kusema "joka amekuja". Katika sentensi ya kwanza tunaona ukubwa na kitisho. Kiumbe kimewekwa pamoja na jabali na janga. Katika ya pili tunaona mwenye nafsi, anayeweza kukasirika, kudanganya, au kusihiwa. Msimulizi wa mchezo akitumia upatanisho wa kwanza mwanzoni, kisha kwa makusudi akabadili na kutumia wa pili wahusika wanapokaribia, atakuwa amefanya kwa kiambishi kimoja kazi ambayo vitabu vya kigeni huifanya kwa kurasa nzima. Mwalimu anayetafuta mfano wa uhusiano kati ya fani na maudhui hana haja ya kutafuta zaidi.

Jadi ya pwani inatuongezea fundisho la pili. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha huko London hadithi alizozikusanya Unguja. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni na nunda mla watu. Nunda hakuanza akiwa nunda. Alikuwa paka wa sultani. Alipokula ndama, watu walishtaki, na sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka akaendelea kula mifugo, kisha watu, na kila mara jibu likawa la namna ileile, mpaka siku alipowala wana wa sultani mwenyewe. Ndipo mwana mdogo akaondoka kwenda kumtafuta. Aliua mbwa, akamleta kwa mama yake akidhani ndiye nunda, akaambiwa siye. Akaua fungo, punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara akaambiwa siye, hadi alipomkuta nunda mwenyewe mlimani.

Hadithi hii ni darasa la kufasili. Kijana anajifunza nunda ni nini kwa kuondoa kila asicho. Anagundua kwamba ukubwa peke yake haumfanyi mnyama kuwa nunda, maana tembo ni mkubwa, wala pembe hazimfanyi, maana kifaru anazo. Kinachomfanya nunda ni tendo lake na historia yake: ni mnyama wa nyumbani aliyelishwa na kulindwa na mwenye mamlaka mpaka akazidi kiasi. Hapa hadithi na sarufi zinakutana. Joka ni nyoka aliyezidi. Nunda ni paka aliyezidi. Lakini hadithi inaongeza swali ambalo sarufi haiulizi: ni nani aliyemwacha azidi?

Fundisho la tatu linatokana na mahali. Mara nyingi majoka ya Afrika ya Mashariki na jirani zake hayakai juu ya dhahabu. Hukaa majini, milimani, au juu ya kiti cha enzi. Masimulizi ya Ethiopia yanamtaja nyoka Arwe, aliyetawala nchi na kulipwa kodi mpaka alipouawa. Malawi wanamtaja Napolo, nyoka akaaye chini ya mlima, ambaye kupita kwake ni mafuriko na maporomoko; mafuriko ya Zomba ya mwaka 1946 yalipewa jina lake, na mshairi Steve Chimombo akamfanya kiini cha diwani yake ya mwaka 1987. Hata nchini China, ambako wataalamu waliojenga nasi reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975 walitoka, joka ni mwenye mvua na mito, na huheshimiwa. Sisi wenyewe tunayo masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria G.C.K. Gwassa juu ya Ngarambe na Kinjikitile, ambamo anatajwa nyoka mkubwa asiye na mfano, mwenye kichwa kama cha kima na rangi za upinde wa mvua. Baada ya nyoka huyo alikuja mtu aliyeingia majini akatoka na habari ya umoja, na mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaenea hata kufika Uvidunda na Kilosa. Ebrahim Hussein aliijadili imani hiyo katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969. Tazama tofauti: joka la Ulaya hulinda mali ya mmoja, nyoka wa Ngarambe alitangulia habari ya wengi.

Kutokana na hayo matatu, yaani neno, tendo na mahali, twaweza kupendekeza fasili: joka ni kitu cha kawaida kilichoachwa kikazidi kiasi, katika mahali panapojulikana, na ambacho hakiondoki mpaka ajulikane aliyekilisha. Sasa tuijaribu fasili hii Kilosa na Mikumi.

Kilosa imekaa kando ya mto Mkondoa, ushukao kutoka milimani. Mwezi Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulivunja tuta, ukaingia mjini. Watu kwa maelfu walikosa makazi, na Reli ya Kati ikakatika. Msimulizi wa mchezo anaweza kuufanya mto huo kuwa joka, na picha itakuwa nzuri: mwili wa matope, sauti ya mawe, mkia ulioachwa mashambani. Lakini hapa ndipo penye hatari kubwa ya kisanaa na ya kiraia pia. Tukisema tu kwamba joka limepita, tumemaliza hadithi pale ambapo ingeanza. Hakuna atakayeuliza tuta lilitunzwa na nani, wala miti ya milimani ilikatwa na nani, wala kwa nini nyumba zilijengwa pale zilipojengwa. Joka la namna hiyo ni kisingizio kilichovikwa magamba.

Fasili yetu hairuhusu kisingizio. Tuwafikirie wanafunzi watano wakicheza. Mmoja ni mlinzi wa reli, wa pili mkulima wa mkonge kutoka Kimamba, wa tatu mfugaji, wa nne mganga, wa tano askari wa wanyamapori kutoka Mikumi. Msimulizi anawaambia kwamba maji yanapanda kila usiku na kwamba kitu kinasikika kikihema ndani yake. Wakichukua mikuki, maji hayachomeki. Inawabidi wafanye kama yule kijana wa hadithi: waende mtoni, warudi, waambiwe siye, wapande mlimani, warudi, waambiwe siye. Hatimaye wagundue kwamba joka linanenepa kila jambo fulani linapotendeka, tuseme kila mti unapoangushwa au kila zamu ya tuta inaporukwa, na kwamba mmoja wao, au mkubwa wao, amekuwa akilijua hilo. Ushindi hautakuwa kichwa cha joka juu ya mti. Utakuwa joka kupungua mpaka likarudi kuwa nyoka, na mto ukarudi kuwa mto.

Upande wa Mikumi unahitaji uangalifu wa namna nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina eneo la kilometa za mraba 3,230. Humo yumo chatu, nyoka anayeweza kupita urefu wa mita 5. Hana sumu, huua kwa kukaza. Chakula chake ni pamoja na panya na ndezi, maadui wa shamba. Na jike la chatu hujizungusha juu ya mayai yake na kuyalinda. Hiyo ndiyo hazina pekee ambayo nyoka wetu hulalia. Mbunifu akimchukua chatu akamfanya zimwi la kuuawa, ataongeza sababu moja zaidi ya watu kumpiga wamwonapo, ilhali wapo wanaompiga kwa kuwa tu ni nyoka. Akiwafanya wahusika wamkaribie wakidhani analinda dhahabu, kisha wayaone mayai, atakuwa amewapa jambo gumu zaidi kuliko vita: uamuzi.

Kuhusu moto, nchi hii ilikwisha kuwa na kiumbe kirefu chenye kuupumua. Wajerumani walipoileta reli Kilosa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, gari moshi lilipita likitoa cheche na moshi, na huko Kenya unabii wa Mugo wa Kibiru juu ya nyoka wa chuma bado hukumbukwa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa imekuwa ikipita katika mahandaki yaliyotobolewa kwenye milima ya Kilosa. Nyoka wa chuma hapumui moshi tena, naye ameingia pangoni. Kijana anayetafuta joka la karne hii ana mfano mbele yake, na swali la fasili yetu linamfuata pale pale: nyoka huyu amlisha nani, na alishwa na nani?

Liko onyo moja ambalo hatuna budi kulitoa wazi. Mwezi Desemba 2000 mgogoro wa wakulima na wafugaji wilayani Kilosa ulichukua roho za watu zaidi ya 30. Katika mahali penye jeraha la namna hiyo, msimulizi asithubutu kulipa joka lugha, mavazi au kazi ya jirani. Mchezo uliogawa majoka kwa rangi ulitufundisha jinsi jambo hilo lilivyo jepesi kutendeka bila mtu kukusudia. Ndiyo maana katika mfano wetu mkulima na mfugaji wameketi upande mmoja wa meza. Joka lisiwe kabila la mtu. Liwe tendo ambalo mtu ye yote anaweza kulitenda.

Watakuwapo watakaopinga kutoka pande mbili. Wa kwanza watasema kwamba mchezo huu ni wa kigeni na haufai kuingia shuleni. Hao wakumbuke hotuba ya Mwalimu Nyerere Bungeni, Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni: aliueleza utamaduni kuwa ndiyo roho ya taifa, lakini papo hapo aliwakejeli wanaodhani kwamba taifa laweza kuishi bila kujifunza kwa wengine. Isitoshe, mchezo wenyewe umejengwa kwa kuazima. Mfalme wa majoka mema ndani yake anaitwa Bahamut, na jina hilo katika vitabu vya kale vya Kiarabu ni la samaki mkubwa mno anayembeba fahali aibebaye dunia. Ikiwa Wamarekani waliweza kumtwaa samaki wa Waarabu wakampa mabawa, hakuna sheria inayotuzuia kuchukua meza na dadu zao tukawaweka nunda na Mkondoa.

Wapinzani wa pili watasema kwamba inatosha kulichukua joka lile lile la mabawa, tukalipaka rangi za bendera na kulipa jina la Kiswahili. Hilo si kubuni upya. Ni kumvika mgeni kanga. Joka halibadiliki kwa jina. Hubadilika pale linapobadilika jambo ambalo shujaa analazimika kulijua ili alishinde.

Ndugu walimu wanaweza kuanza bila gharama yo yote. Dadu za karatasi zinatosha, na meza ni ile ile ya darasani. Wanafunzi wa Kilosa, Mikumi, Kimamba na Kidodi waende kwanza kwa wazee wakaulize: ni wapi mtoni watoto walikatazwa kuoga, na kwa nini; ni mlima upi haukukatwa miti, na nani alikataza. Majibu hayo wayaandike kama walivyoambiwa, bila kuongeza mabawa. Kisha wakae, mmoja asimulie, wengine watende. Na msimulizi atakapofika mahali pa kulitaja joka, asitaje rangi yake. Aseme lilikuwa nini kabla halijakua, kisha awaachie wenzake waulize lilikulia mikononi mwa nani.